Ndoa na ajira huingia kwa mlango mmoja

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwezi Januari, simu ya mshauri wa familia na taaluma hulia kuliko miezi mingine yote. Ni nadra mpigaji kuwa mtoto mwenyewe. Ni mama, au shangazi, au mjomba aliyekuwa akilipa ada, na ombi lake huwa fupi: kijana amepata daraja la pili, anataka kwenda chuo cha ufundi cha VETA kusomea umeme, baba yake amesema hilo halitatokea ndani ya nyumba yake, tafadhali zungumza naye.

Mshauri mchanga humwita kijana, akamkalisha, akamuuliza anapenda nini. Mshauri aliyeiva huanza na nyumba: nani anaishi pale, nani analipa nini, nani ameacha kuzungumza na nani tangu lini. Katika familia nyingi za Tanzania tahasusi, yaani mchepuo wa masomo wa kidato cha tano, haichaguliwi na mtoto peke yake. Inachaguliwa na ada iliyokopwa kwenye kikundi cha VICOBA, na kaka mkubwa aliyemaliza chuo akakaa nyumbani miaka mitatu, na babu aliyekuwa karani akaheshimika kijiji kizima, na mara nyingine na ugomvi wa wazazi uliokosa pa kutokea. Baba anayepinga VETA huenda anampinga shemeji yake aliye fundi. Mama anayeng'ang'ania PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, huenda anataka mtoto mmoja tu atakayemtoa kwenye ndoa inayomchosha. Ukimshauri kijana bila kuyaona hayo, utampa jibu zuri ambalo halitafika hata kwenye meza ya chakula.

Ndiyo maana naona tumefanya kosa kuigawa kazi hii vipande viwili na kuviweka mbalimbali. Ndoa tumewaachia wazee wa baraza. Ajira ya mtoto tumemwachia mwalimu wa ushauri na unasihi, ambaye ana vipindi kamili vya somo lake na hana chumba. Kila mmoja anaona nusu ya nyumba.

Tuanze na baraza, kwa sababu huko ndiko watu wengi hukutana na ushauri wa familia kwa mara ya kwanza, tena kwa kulazimika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inakataza kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Yapo ya kata na yapo ya jumuiya za dini. Sheria imeweka misamaha: mwenzi aliyetoroka na hajulikani alipo, aliye nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, aliyekataa kwa makusudi kufika barazani, aliyefungwa kifungo kirefu, mwenye ugonjwa wa akili usiotibika, au pale mahakama inaporidhika kwamba kuna mazingira ya pekee. Nje ya hayo, hati ya baraza ni lazima, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa.

Hapo ndipo mambo huharibika, tena kwa kosa dogo la karatasi. Badala ya kujaza hati ya fomu iliyowekwa na kanuni, ikisema wazi kwamba baraza limewasikiliza wote wawili na limeshindwa kuwasuluhisha, katibu huandika barua: "Tunawaleta wahusika kwenu kwa hatua zaidi." Inapigwa muhuri wa kata, mwombaji anaondoka akidhani amemaliza. Miaka inapita, kesi inapanda kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda juu, na mwisho wake inaonekana kwamba shauri lilifunguliwa kabla ya wakati wake. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo wa shauri la talaka kwa sababu ya namna hiyo. Mama aliyekuwa amegawiwa nyumba anarudi mwanzo kabisa. Mshauri anayeijua kazi yake humwambia mteja mapema: isome hati yako kabla hujatoka pale ofisini, angalia majina, tarehe, na sentensi inayosema usuluhishi umeshindikana. Kosa la pili ni baraza kugawa mali. Halina mamlaka hayo. Godoro na sahani zikishagawanywa barazani, wanandoa wanafika mahakamani na ugomvi mpya juu ya ule wa zamani.

Lakini hata baraza likifanya kila kitu kwa usahihi, kazi yake inabaki kuwa mlango wa kisheria. Linakaa pengine mara moja au mbili, mbele ya wazee wanaowafahamu wahusika na wazazi wao, na shabaha yake ni kupatanisha. Mtu hawezi kusema pale kwamba amechoka, au kwamba mshahara wake umekatwa miezi sita na hajamwambia mkewe. Unasihi unahitaji muda, usiri, na mtu asiye na kura katika uamuzi wenu. Kwa hiyo mshauri wa familia asikubali kuketi kama mjumbe kwenye baraza linalosikiliza wateja wake mwenyewe. Aliyeyasikia ya chumbani hafai kutia sahihi hati.

Pwani yetu ilikuwa na mgawanyo wa akili zaidi. Somo, yaani kungwi, alimwandaa mwari na aliendelea kuulizwa baada ya arusi. Mshenga alibeba maneno kati ya nyumba mbili na alibaki shahidi wa makubaliano. Kijana wa kiume alipelekwa kwa fundi, awe wa majahazi, wa dhahabu au wa kofia, na fundi yule alikuwa mlezi pia: alijua baba yake kijana ana deni la nani. Watu hawa walikaa na familia miaka, hawakuitwa siku moja ya moto. Walichokosa ni usiri, na nafasi ya mtu kusema hapana. Huko Boston, Frank Parsons alipofungua ofisi yake ya kuwaongoza vijana kwenye kazi mwaka 1908, aliweka hatua tatu ambazo bado zinafundishwa vyuoni: ijue nafsi yako, ijue kazi, kisha ufikirie kwa makini namna hivyo viwili vinavyokutana. Ni mafundisho mazuri, ila yanamchukulia kijana kama mtu aliyesimama peke yake. Kijana wa Tandika au Bukoba hasimami peke yake, hivyo hatua ya kwanza kwetu ni ndefu zaidi.

Kifaa kinachoirefusha vizuri ni mchoro wa ukoo, ambao wanataaluma huuita jenogramu. Umetokana na kazi ya daktari wa akili Murray Bowen, na kwa ushauri wa ajira huongezewa kitu kimoja: kazi ya kila mtu. Unahitaji karatasi moja ya A3, penseli, kifutio, na saa nzima. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Mstari wa mlalo kati yao ni ndoa, mikwaju miwili inayoukata ni talaka, alama ya X ndani ya umbo ni marehemu, na mteja mwenyewe anachorwa kwa mstari maradufu. Mume mwenye wake wawili anapata mistari miwili, na mwaka wa kila ndoa unaandikwa juu yake, kwa kuwa mwaka huo ndio mara nyingi unaoeleza kwa nini mtoto wa kwanza alisomeshwa na wa nne hakusomeshwa. Mtoto wa kulelewa anaunganishwa kwa mstari wa nukta. Chora vizazi vitatu, usipungue hapo.

Chini ya kila umbo andika mambo matatu: kazi yake ya kwanza, kazi yake ya sasa au ya mwisho, na kazi aliyoitaka akaikosa. Hilo la tatu ndilo linalobeba kikao. Penseli ishikwe na kijana. Mshauri akiishika yeye, familia huanza kumtolea taarifa kama wanavyomtolea mjumbe wa nyumba kumi. Kijana akifika kwenye mraba wa baba yake na kuuliza, "Baba, wewe ulitaka kuwa nani?", chumba hunyamaza. Usijaze ukimya ule. Baba atajikuna, atasema mambo ya zamani hayo, kisha atasema alitaka kuwa rubani wa meli, au alifaulu akakosa nauli ya kwenda shule ya bweni. Kijana anaandika. Kuanzia pale huna haja ya kumtetea kijana kwa baba. Mzee mwenyewe ameona kwenye karatasi kwamba anachopigania ni cha kwake. Si kila familia hufika hapo kwenye kikao kimoja, na ziko ambazo mraba mmoja huachwa wazi kwa sababu hakuna anayetaka kumtaja aliyemo. Uache wazi. Weka alama ndogo ukingoni, urudi nao wiki nyingine.

Kikao cha pili ni cha kijana peke yake, na hapa mshauri aweke dodoso pembeni. Aina sita za haiba ya kazi za mwanasaikolojia John Holland zinafaa kumsaidia mshauri kufikiri, lakini madodoso yaliyotungwa Marekani huuliza kuhusu shughuli ambazo mtoto wa Kilwa hajawahi kuziona zikifanywa. Anajibu kwa kubahatisha, namba zinatoka, na namba zikishatoka kila mtu anaziamini. Kadi zinafaa zaidi. Kata manila vipande 60 vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja na jina la kazi moja: mteknolojia wa maabara, fundi majokofu, mpima ardhi, mfuga nyuki, mkalimani wa lugha ya alama, fundi wa viungo bandia, nahodha, mtunza kumbukumbu, mkaguzi wa vyakula, mpishi wa hoteli, mchomeleaji, mwalimu wa awali. Kijana anazipanga mafungu matatu: napenda, sipendi, sijui. Dakika 15 zinatosha. Fungu la "napenda" karibu kila mara lina daktari, mwanasheria na rubani, na halikufundishi mengi. Chukua fungu la "sijui", ambalo huwa ndilo kubwa, umwombe atoe kadi tano ambazo angependa kuziona kwa macho. Halafu umtafutie mahali pa kukaa siku moja kwa kila moja ya mbili kati ya hizo.

Siku hiyo aende na maswali yaliyoandikwa: unafika kazini saa ngapi, unalipwa lini na hucheleweshwa muda gani, ikifika jioni mwili unauma wapi, vifaa vyako vya kuanzia viligharimu kiasi gani, nani alikufundisha. Swali la mwili linaonekana dogo, lakini limewahamisha vijana wengi kutoka kwenye ndoto ya ofisi kwenda karakana, na wengine kutoka karakana kwenda ofisini, bila mtu kuwasukuma.

Sasa mshauri lazima awe na elimu ya njia zilizopo, na hili ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi. Mtu ana shahada ya saikolojia, anasikiliza kwa upole, lakini hajui kwamba kidato cha nne daraja hupatikana kwa masomo 7 bora, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na kwamba daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21. Hajui kwamba baada ya matokeo kutoka kuna muda ambao mwanafunzi anaruhusiwa kuingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI uitwao Selform na kubadili tahasusi au chuo alichochagua kabla ya mtihani, na kwamba dirisha hilo likifungwa maneno yote mazuri hayana kazi tena kwa mwaka ule. Familia ikija Februari kwa ugomvi wa tahasusi, tarehe ya dirisha ndiyo inayoamua uanzie wapi.

Chukua mtoto anayetaka udaktari aliyepata D za Kemia, Baiolojia na Fizikia. Jirani anamwambia ameshaukosa. Kwa njia ya kidato cha tano, ni kweli: PCB inataka alama za juu zaidi ya hapo. Lakini stashahada ya utabibu inapokea mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini yakiwemo hayo matatu, inasomwa miaka 3, na anayeimaliza ni tabibu anayetibu watu zahanati. Akifanya vizuri, njia ya kwenda shahada ipo. Mzazi akilijua hilo kikaoni, sauti hushuka. Upande wa ufundi, VETA hutoa tuzo za ngazi tatu, na ngazi ya tatu si mwisho, kwa kuwa fundi anaweza kuendelea hadi vyuo vya ufundi. Kwa mtu mzima aliyejifunza uashi au magari gereji bila cheti, upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa anachojua, anafundishwa kilichopungua, anapewa cheti. Ni msaada mkubwa wa ndoa pia. Mume wa miaka 38 aliyepoteza kibarua kwa kukosa karatasi huwa mkali nyumbani, na mkewe hufika kwa mshauri akisema tatizo ni hasira. Hasira ipo na inashughulikiwa, lakini nusu ya dawa yake iko kwenye fomu ya usajili wa tathmini.

Kuna kikao ambacho hakipaswi kufanyika hivyo kabisa. Kama kuna kipigo nyumbani, usiwakalishe wanandoa pamoja. Anayepigwa atasema machache, na yale machache atayalipia usiku. Kwa sababu hiyo, kabla ya kikao cha kwanza cha pamoja, kila mwenzi aonwe peke yake angalau dakika 20 na aulizwe moja kwa moja: "Umewahi kuogopa kurudi nyumbani?" Jibu likiwa ndiyo, mpango wa usuluhishi unasimama, mnahamia kwenye usalama: pa kulala, nyaraka, namba za ndugu, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na kama anayeumizwa ni mtoto, usiri unafika mwisho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Afisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili hiyo, na namba 116 hupigwa bure. Mambo haya mteja aambiwe dakika tano za mwanzo, kabla hajafungua moyo. Mshauri anayeahidi siri ya kila kitu, halafu akalazimika kuivunja, amepoteza familia ile na pengine mtaa mzima.

Kosa jingine linaloua kazi taratibu ni siri ya upande mmoja. Mke anapiga simu jioni baada ya kikao: "Dada, naomba hili usimwambie." Ukikubali, kuanzia hapo umekuwa mtu wa tatu ndani ya ndoa. Weka sharti mapema kwamba jambo linalohusu wote wawili litaletwa kikaoni na mwenyewe, na utamsaidia kulileta. WhatsApp ibaki ya kupanga saa tu. Sauti za dakika saba zinazotumwa saa tano usiku zinataka majibu, na jibu la usiku huwa halijafikiriwa.

Kuhusu maisha ya mshauri mwenyewe, yanasemwa machache mno. Wengi huingia kupitia ualimu, uuguzi, ustawi wa jamii au uchungaji, na kwa miaka ya kwanza hubaki na ajira ile ya zamani. Ushauri nasaha ulijulikana kwa wengi kupitia vita dhidi ya UKIMWI, kwa hiyo mpaka leo watu hudhani ni huduma ya bure inayotolewa kliniki kabla na baada ya kipimo. Mtu analipa fundi wa simu bila kubishana, lakini kumlipa aliyemsikiliza saa moja anaona aibu kidogo, kana kwamba amenunua urafiki. Dawa ni kutaja ada kwenye simu ya kwanza, kutaja idadi ya vikao, kwa kawaida sita hadi nane, na kupokea malipo kabla ya kuketi. Ada inayodaiwa mwishoni, mteja akiwa analia, huharibu kila kilichofanyika.

Kwa siku moja, vikao vinne vya dakika 50 vinatosha, au viwili vya familia vya dakika 90. Anayefanya saba huanza kuwachanganya watu: anamuuliza mama wa saa tisa habari za mume wa saa nne. Kati ya kikao na kikao ziachwe dakika 15 za kuandika. Kumbukumbu ziwe fupi, ziwe na namba badala ya jina, na daftari la kuoanisha namba na majina lifungiwe mahali pengine. Familia huja na ndugu, na ndugu husoma kilichoachwa mezani.

Kenya ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, yenye usajili na bodi. Kwetu kibao cha "mshauri wa ndoa" bado hutundikwa na mtu yeyote mwenye sauti nzuri redioni au wafuasi wengi mtandaoni, na aliyeumizwa na ushauri mbovu hana mlango wa kugonga. Usajili ungesaidia, nami ningependa uje haraka. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji Bunge: usimamizi. Kila mshauri awe na mshauri mwenzake aliyemzidi uzoefu, wakutane angalau kila wiki mbili, amweleze kesi zinazomlemea bila kutaja majina. Bila hilo, ndoa za watu huanza kumfuata nyumbani. Anamjibu mumewe kwa ukali ambao ni wa mteja wa asubuhi, au anamlazimisha mwanawe kusomea jambo kwa hofu aliyoipata kwenye karatasi ya ukoo wa watu wengine. Msimamizi mzuri huligundua hilo kwa swali dogo: "Kesi hii, kwa nini umeileta mara ya tatu?"

Na karatasi ile ya A3, kikao cha mwisho kikifika, inakunjwa na kukabidhiwa kijana. Mshauri hubaki na muhtasari wenye namba. Miezi mitatu baadaye anapiga simu moja, iliyokubaliwa tangu mwanzo, kuuliza mambo mawili: umeripoti chuoni au shuleni, na baba anakuulizaje habari za masomo.